Mchambuzi wa Managu

Wiki jana mhariri alinituma Parklands nikaonje mboga za kienyeji kwenye hoteli moja, niandike gazetini. Alinionya: nikijitambulisha, kazi sina. Lakini mimi sahani ya bure siiachi. Nikamnong'oneza mwenye hoteli, "Mama, mimi ni mchambuzi wa vyakula."

"Na mbona umechelewa hivyo?" Akaniketisha jikoni na beseni la managu.

Nikadhani anataka nijionee mapishi tangu mwanzo. Nikanusa jani moja, nikanusa la pili.

Mara akaingia dada mmoja akihema. "Pole, Mama. Mimi ndio yule wa kuchambua mboga."

Mama akanigeukia. "Kwani wewe ni nani?"

"Wa gazeti," nikanong'ona.

"Wa gazeti?" Sauti ikafika hadi kwa wateja. "Kujeni muone mchambuzi, hata managu hajui kuchambua!"