Dhamana ya Mama Keki

Mke wangu huku mtaani wanamwita Mama Keki, na mimi, kwa heshima zote, wananiita Mume wa Mama Keki. Sijali, keki hizo ndizo zinazonivisha. Miaka mingi alioka kwenye duka la mtu mwingine, bwana mmoja mdomo mchafu aliyekuwa akimfokea mbele ya wateja kama mtoto aliyevunja sahani. Alipoacha kazi ile tulinunua gari dogo la mizigo, jipya kabisa, lenye dhamana ya kampuni, ili apeleke keki zake mwenyewe kwenye harusi. Aliliosha kila asubuhi. Mimi sijawahi kubembelezwa hivyo, lakini tuyaache hayo.

Basi gari likaanza kutetemeka. Taa ya injini ikawaka, tukalirudisha kwa waliotuuzia. Fundi akachomeka kompyuta yake chini ya usukani, ikatoa namba ya hitilafu: silinda ya tatu haichomi mafuta vizuri. Meneja wa karakana akaisoma ile namba, akasema, "Mmetia mafuta machafu. Dhamana haihusiki hapo." Hata boneti hakuifungua! Damu ilinichemka, nikataka kumpa vidonge vyake. Mke wangu akanibana mkono, akaongea yeye.

"Hiyo namba imesema mafuta machafu?"

"Imesema silinda ya tatu."

"Nakuuliza kwa nini, unanijibu wapi. Mimi keki yangu ikibonyea katikati naiona, lakini sababu siijui mpaka niikate. Fungueni injini."

"Mama, gari lisilo na dhamana hatulifungui."

"Na dhamana mmeninyima kabla ya kulifungua?"

Meneja akatazama saa yake. Akatuambia turudi wiki ijayo, kwa sauti ya mtu anayeomba tusirudi.

Jioni bosi wake wa zamani akapiga simu. Sijui nani alimpelekea umbea. "Nasikia gari limekufa," akasema, kicheko nakisikia mpaka nilipokaa. "Aproni yako bado iko kwenye msumari." Mke wangu akakata simu, akabaki jikoni kati ya maboksi matupu ya keki, na oda za watu zimemkodolea macho. Bila gari, ni msumari ule uliokuwa unamngoja. Sote wawili tulijua.

Asubuhi nikamkuta ameshavaa viatu.

"Twende."

"Si tumeambiwa wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ni yao. Leo ni yangu."

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi wangu. Tukiwa njiani mama mkwe akapiga simu kutujulia hali, mtandao unakatikakatika, nikamjibu kwa kifupi, "Mama, dhamana imekataliwa, ndiyo tunaenda kupambana." Simu ikazima. Sasa mwambie mama mzazi kwamba mwanawe amenyimwa dhamana, uone kama atafikiria gari.

Tulikuwa tumekaa mapokezi, meneja anatupita kama viti, mara mlango ukafunguka. Mama mkwe huyo! Nyuma yake mjomba, kitambulisho mkononi, tayari kumwekea dhamana mpwa wake, na kwapani amebana blanketi zito la kumpelekea mahabusu. Walikuwa wameanzia kituo cha polisi, polisi wakakana kuwa naye, nao wakaapa kwamba mtu wao amefichwa, hadi jirani yetu alipowaambia kwa simu tuko wapi. Mama mkwe alimkagua bintiye kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wamekupiga?"

"Mama, ni dhamana ya gari!"

Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe hakucheka. Alinigeukia mimi, na jicho alilonitupia sitalisahau. Kisha akachukua blanketi, akaketi, akaliweka mapajani.

"Haidhuru. Nimekuja kumtoa mwanangu, na siondoki bila dhamana yake."

Meneja akaliona lile blanketi, akabadilika sura. Wateja wengine walikuwa wameshaanza kugeuza shingo. "Jamani, mnataka kulala hapa?"

Mke wangu hakuwa na wazo hilo hata chembe, lakini akamkazia macho. "Ikibidi. Mafuta yamo kwenye tangi, yapimeni. Injini iko kwenu, ifungueni nikiona. Mkikuta kosa ni langu, nitalibeba mwenyewe, mbele ya mama yangu."

Mama mkwe akaanza kukunjua blanketi, taratibu, pembe moja baada ya nyingine.

Wakafungua injini. Tulisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Mafuta yalikuwa safi. Fundi alipotoa kifuniko cha juu akatuonyesha springi ya silinda ya tatu, imekatika vipande viwili, akasema bila kumung'unya maneno kwamba hilo ni kosa la kiwandani. Meneja akakohoa. "Sawa, dhamana imekubaliwa. Tutatengeneza."

Mama mkwe akakunja blanketi lake. "Kwa hiyo wamekuachia?" akamtania bintiye. Tukacheka, hata fundi.

Mke wangu hakucheka. Alitoa simu, akampigia bosi wake wa zamani. "Ile aproni," akasema, "mpe mtu mwingine." Akakata, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wameniachia."