Rufaa ya Mita Mia Nane

Siku niliyoripoti Newala, Mkuu wa Shule hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama najua kuchora kiwanja cha riadha. Nikamwambia najua. Akanikabidhi kamba, ndoo ya majivu na wanafunzi wachache, akasema, "Haya mwalimu, jioni nitakuja kukagua."

Nilikuwa msichana wa Singida, nimetoka chuo kilichonifundisha kuchora mistari kwa chokaa. Newala ya wakati ule hata maji ya kunywa tuliyasubiri yapandishwe kutoka bondeni. Chokaa angekupa nani? Tulichora kwa majivu, upepo wa pale juu ukayapeperusha, tukachora tena. Mkuu wa Shule alipokuja alikwenda moja kwa moja kwenye mistari ya kuanzia. Mbio zikizunguka kona, mkimbiaji wa njia ya nje huanzia mbele kidogo, kwa sababu mzunguko wake ni mrefu kuliko wa mwenzake wa ndani. Mwanafunzi mmoja alikuwa analalamika kwamba huyo wa nje anapendelewa. Mkuu akampa kamba apime mwenyewe. Alipima, akanirudishia kamba.

"Mwalimu," Mkuu akaniambia, "watu watakupigia kelele kila mashindano. Wewe pima, halafu usimamie ulichopima."

Newala nilikaa sana. Niliolewa huko, nikamzaa Fadhili, na tangu hapo watu wakaniita Mama Fadhili. Nilihamia Masasi nikiwa mtu mzima, na huko Afisa Michezo wa Wilaya akaniweka kwenye kamati ya rufaa. Hii ni kamati inayosikiliza malalamiko wakati wa mashindano ya shule. Mara nyingi yalihusu mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi aliyevalishwa jezi ya shule, au kijeba mwenye ndevu aliyeandikishwa kama mtoto. Hao niliwatoa bila huruma, na wapo walimu ambao mpaka leo hawanisalimii kwa hilo.

Kisha akaja Somoe.

Alitoka shule moja upande wa Chiwata. Msichana mrefu, kifua bapa, mabega mapana, sauti nzito kama ya mvulana. Alikimbia peku. Kwenye mita mia nane za wasichana aliwaacha wenzake mbali, na alipovuka mstari hakuwa hata anahema sana. Wa pili alikuwa Anna, binti wa shule ya mjini aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Anna alikaa chini akalia.

Mkuu wa msafara wa shule ya akina Anna, yaani mwalimu anayewaongoza wachezaji wao, alikuja mezani kwetu amekunja ngumi. "Yule si msichana. Mmetuingizia dume!"

Waliokuwa karibu wakasikia, wakadakia. Muda si mrefu upande mzima wa uwanja ulikuwa unaimba: "Avue! Avue!" Simu zikainuliwa juu kupiga picha. Somoe alikuwa amejifunga kanga ya mtu, ameshika fundo lake kwa mikono miwili, macho chini.

Afisa Michezo alinisogelea. "Mama Fadhili, wewe ni mwanamke. Mwingize stoo ya vifaa, mwangalie, uje utuambie. Tumalize, mbio nyingine zinasubiri."

"Mzee, hilo sifanyi."

"Unakataa agizo langu?"

"Nakataa kumvua mtoto. Hakuna kanuni inayoniruhusu. Halafu mimi si daktari. Hata nikimwangalia, nitakachokiona nitakijulia wapi?"

Naomba nieleweke. Swali la yule mkuu wa msafara lilikuwa halali, nami sikulidharau. Wavulana wakishabalehe, kwa kawaida mbio zao na za wasichana haziko sawa tena. Ndiyo maana tunawatenga. Nimepigania mbio za wasichana tangu enzi ambazo walimu wakuu walitaka wasichana wacheze rede tu, wakafagie uwanja wakati wavulana wanashindana. Machozi ya Anna yaliniuma. Lakini pale uwanjani hakuna aliyekuwa anatafuta haki ya Anna. Walikuwa wanatafuta cha kutazama.

Mama yake Somoe alikuja na washabiki wa kijijini kwao. Alipita katikati ya watu, akafika mezani, akatuamkia wote kwa adabu: "Shikamooni." Kisha akasema, "Huyu nimemzaa mimi. Amechezwa unyago, kina mama wa kijiji kizima ni mashahidi. Leo ninyi walimu mnataka kumcheza tena hapa mbele ya wanaume?"

Wanawake upande ule wakapiga vigelegele. Wale walioimba wakaanza kutazamana.

Nikatumia nafasi hiyo. Nikamwambia Afisa: matokeo yabaki yalivyo mpaka rufaa isikilizwe. Kama mama na mtoto watakubali, daktari wa kike amwone hospitalini, mlango ukiwa umefungwa. Daktari atujibu jambo moja tu, kama anaruhusiwa kukimbia na wasichana au la. Asituambie zaidi.

"Na ukikosea?" Afisa akauliza.

"Nitarudi kufundisha darasani, mzee."

Alinitazama kwa hasira, lakini akageuka akatangaza mbio zinazofuata.

Nilimuuliza Somoe mwenyewe, maana mpaka wakati huo hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka kukimbia. Nitaenda. Ila na wewe uje." Nikaenda. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari na mama yake. Mlango ulipofunguliwa tukasimama wote wawili.

Daktari alikuja mwenyewe kwenye kamati. "Anaruhusiwa kukimbia na wasichana," akasema.

Mkuu wa msafara akataka maelezo. Daktari akamjibu, "Hayo mengine ni ya kwake."

Mpaka leo watu wananiuliza kulikuwa na nini. Sijui. Sikuuliza, na ninajivunia kutojua.

Somoe alikwenda Mtwara kwenye mashindano ya mkoa, akawa wa nne. Nilipokutana na yule mkuu wa msafara nilimwambia, "Dume lako limepitwa na wasichana watatu." Akacheka bila kupenda, akasema, "Basi, mama, yaishe." Anna alikuja kunifuata yeye mwenyewe, akaniomba nimpangie mazoezi na Somoe. Walikimbia pamoja msimu mzima wa korosho.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikalia kiti cha Afisa Michezo. Utaratibu ule nikaufanya wa wilaya nzima: shaka ya jinsia haitajwi uwanjani, na hakuna mwalimu anayemgusa mtoto. Walimu vijana sasa wananionyesha kwenye simu habari za nchi za mbali, wanamichezo waliozaliwa wanaume na sasa wanaishi kama wanawake, wananiuliza washindane wapi. Nawaambia ukweli kwamba jibu lake lote sina. Akina Anna wana haki yao, na mtoto huyo mwingine naye ni mtoto wa mtu. Anayedai jibu ni jepesi, namwomba aje akae siku moja kwenye kamati ya rufaa.

Mwaka huu nilialikwa Masasi kama mgeni tu. Kwenye mbio za wasichana alijipanga binti mmoja mrefu, nywele zimenyolewa, na nyuma yangu kijana mmoja akapaza sauti: "Huyo naye ni msichana?" Nikashika mkono wa kiti ninyanyuke. Kabla sijasimama, mwalimu wa kike ambaye simjui, mdogo kuliko Fadhili wangu, alikuwa ameshamfikia. "Una malalamiko, peleka kwa kamati," akamwambia. "Hapa tunashangilia."

Filimbi ikapulizwa. Nikakaa vizuri, nikashangilia.