Msusi na Uso wa Mdogo Wake

Kijicho cha msusi kilikuwa na makao: kioo kirefu cha saluni, ambamo uso wake na wa mdogo wake zilionekana bega kwa bega kutwa nzima. Wa mdogo ulikuwa umetakata. Wake ulikuwa na mashimo ya chunusi za usichana, ambayo kila asubuhi aliyafukia kwa poda kama mtu anayeziba ufa wa ukuta.

Wateja hawakumsaidia. Walikaa kwenye kiti chake, yeye akiwasuka, huku wakimwuliza mdogo wake amepaka nini. Hajapaka kitu, mdogo alijibu. Ni mashine ya visindano vidogo, kliniki ya ngozi ng'ambo ya barabara. Roho ilimchoma dada mtu.

Akaenda kimya kimya. Mtaalamu wa ngozi akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamweleza bila kumvika kilemba cha ukoka: mdogo wake alikuwa na madoa, na doa hufifia, yeye ana mashimo, na shimo hupungua kina tu, tena kwa awamu kadhaa na miezi ya kungoja.

"Basi nichome kwa kina zaidi, nimfikie."

"Nikizidisha, utapata madoa meusi juu ya mashimo. Hapo utakuwa umemzidi kweli."

Akachomwa kwa kiasi, akaonywa asijipake poda mpaka ngozi itulie. Kesho yake uso ulikuwa umevimba. Akaupaka poda tabaka mbili, akaenda kazini. Kabla ya adhuhuri ulikuwa unawaka moto. Mdogo wake alimtazama kwenye kioo, akaelewa.

"Dada, umekwenda kule. Na umepaka poda."

"Mbona wewe ulitakata siku ile ile?"

"Nani kakwambia? Ile wiki niliyosema niko kwa shangazi, nilikuwa chumbani, pazia nimefunga."

Habari hiyo ilimfurahisha msusi, akaona aibu, kisha akafurahi tena. Akaketi kwenye kiti cha wateja, mdogo wake akaanza kumwosha poda kwa maji baridi. Ndipo msusi akauliza kwa sauti ya chini kama naye atafika pale alipofika mwenzake.

"Kufika kote, hapana. Labda nusu."

"Basi isiwe nusu ya kushoto peke yake."

Mdogo akacheka. Msusi hakucheka, roho bado ilimuuma. Lakini alitulia, akaacha uso uoshwe mbele ya wateja, mashimo yote wazi.