Muhogo Uliokimbiza Kijiji

Wenzangu, leo nimekimbiza kijiji kizima na sijamwambia mutu.

Niliona mvua inakuja, nikatoka mbio kuanua muhogo wangu.
Kugeuka, naona majirani wote wanakimbilia porini.
Nikajua askari wa kukagua pamba wamefika na fimbo zao, na shamba langu halijapaliliwa.
Nikatupa muhogo, nikawafuata.

Mama Zaina, jirani yangu mwenye mimba, alianguka njiani.

Tuliporudi tukamukuta bibi yangu, asiyeweza kutembea, iko barazani peke yake.
Akatuambia: "Hapa hakukuja mutu. Nani aliona askari?"
Kila mumoja akaonyesha jirani yake, mpaka vidole vikanifikia miye, niliyekimbia wa kwanza.

Nikasema niliwaona.

Sasa wanafunga mizigo warudi porini, na Mama Zaina anashika tumbo.
Ninyi mungeanza wapi kusema ukweli?