Utani wa Msibani Uliofika Polisi

Jua la asubuhi halijaanza kuchoma, na Elieza Ndahani ameshawasimamisha ng'ombe wake kando ya barabara iingiayo Dodoma kutokea Bahi. Hakuna aliyemwamuru asimame. Kizuizi cha polisi kiko mbele kidogo na askari bado anakunywa chai, lakini Elieza ameshatoa kitambulisho na kibali cha mifugo, amevishika mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nimezoea," anasema. "Wenzangu wanapita. Mimi nasubiri kuitwa."

Nyuma ya ng'ombe, fimbo begani, amesimama rafiki yake Yahaya. Leo wote wawili wanataka kujua jambo moja: kama jina la Elieza limesafika.

Elieza, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ni mswagaji. Wafanyabiashara wakinunua ng'ombe mnadani, yeye huwaswaga kwa miguu hadi machinjioni Kizota, akalipwa shilingi elfu nne kwa kila anayefika mzima. Kazi hii haidai cheti. Inadai miguu na jina zuri, maana nani atamkabidhi mali yake mtu asiyemwamini? Miguu anayo. Jina lilimponyoka siku ya kumzika mama yake.

Yahaya ni Mnyamwezi wa Urambo, fundi wa mikokoteni aliyelowea Kizota. Elieza ni Mgogo wa Makutupora. Ni watani, na utani una kazi yake msibani: wafiwa wakizidiwa na kilio, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha, na hakuna wa kumkasirikia. Jeneza likiwa bado nyumbani, Yahaya alisimama katikati ya waombolezaji, akamnyooshea Elieza kidole.

"Mama wa watu kafa kwa aibu. Huyu mwanawe kawamaliza ng'ombe wa Manyoni, anawapitisha kwenye mashamba ya zabibu watu wamelala. Mshikeni kabla hajaiba na jeneza."

Msiba mzima ulicheka, na Elieza naye alicheka huku machozi yakimtoka. "Tangu mama akate roho nilikuwa nimekaa chini tu," anakumbuka. "Yahaya ndiye aliyeniinua."

Kumbe maneno yale yalipata miguu. Aliyeyasikia alimsimulia mwenzake, na huyo akamsimulia mtu ambaye huwapa polisi fununu za wizi wa mifugo. Maneno yalisafiri, kicheko kikabaki msibani.

Miezi michache baadaye Elieza alizuiwa kizuizini katika wilaya ya jirani. Alilala mahabusu siku mbili, ng'ombe wa watu wakikaa bila maji, kisha akaachiwa bila shitaka. Akakamatwa tena kwingine, na chombo kingine kabisa cha usalama. Kila akiuliza kosa lake aliambiwa hizo ni taarifa za ndani. Wenye ng'ombe wakaanza kumkwepa mmoja mmoja, akabaki Kassamali peke yake, mwenye bucha mjini.

Mara ya tatu, askari mmoja aliteleza ulimi. Alimwuliza kwa nini huwapitisha ng'ombe kwenye mashamba ya zabibu watu wakiwa wamelala. Elieza alishtuka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara moja tu maishani mwake.

Yahaya alipoambiwa alifunga karakana siku hiyo hiyo. Walikwenda pamoja kwa Mkaguzi wa Polisi Emiliana Joshua, na Yahaya akatoa maelezo kwamba yeye ndiye aliyemtunga mwizi yule, kwa utani wa msibani. Mkaguzi anakiri alijikaza asicheke, kisha akafuatilia, na alichokikuta hakikumchekesha.

"Fununu kuipokea si kosa," anasema. "Ila utaratibu wetu unataka iandikwe kwamba haijathibitishwa, na alama hiyo iifuate kila inakokwenda. Ukimpa mwenzako wa chombo kingine taarifa, mpe na shaka yako. Na yeye asimpe wa tatu bila kukuuliza."

Hapa shaka ilidondoka njiani. Ofisi ya kwanza iliandika "inasemekana". Ilipofika ya tatu, Elieza alikuwa mtuhumiwa.

Elieza alimwomba afute tu, yaishe. Mkaguzi alikataa. Taarifa hufutwa na ofisi iliyoitoa kwanza, nayo ndiyo yenye wajibu wa kuwajulisha wote iliowapa.

"Kama ningeweza kumfutia kwa kuwa namwonea huruma," anasema, "mwingine angeweza kumwandikia mtu kwa kuwa anamchukia."

"Nilimwelewa," Elieza anasema. "Ingawa nilitamani nisimwelewe."

Marekebisho yamechukua karibu mwaka, yakipita njia zile zile uzushi ulizopita. Na mwaka huo wote Yahaya ameapa kutomtania Elieza hata kidogo, hadi ofisi ya mwisho ijibu. Loisi, mke wa Elieza, anasema kiapo hicho kimewaumiza kuliko mahabusu.

"Zamani alikuwa akifika anapiga kelele tokea barabarani, tufunge mbuzi kwa kuwa mume wangu yuko nyumbani. Sasa anabisha hodi, anakaa ukingoni mwa kiti, anauliza habari za afya. Alikuwa mtani, amegeuka mkwe."

Elieza mwenyewe ana hofu anayoisema polepole. "Mama nilimzika nikiwa nacheka. Mimi nitazikwaje, kama mtani wangu ananiogopa?"

Ijumaa Mkaguzi Emiliana alimpigia simu: ofisi ya mwisho imejibu. Kizuizi hiki cha leo ni cha ofisi hiyo.

Askari anamaliza chai yake. Anachukua kitambulisho, anasogea pembeni na kuongea na simu ya upepo kwa muda ambao Elieza anauona mrefu. Anarudi.

"Mzee, pita. Huna kitu hapa."

Ng'ombe wanaanza kutembea. Elieza anasema wiki ijayo atawafuata wenye ng'ombe wote waliomkwepa, aombe kazi upya. Jumapili anataka Yahaya aje kula nyumbani kwake, na asibishe hodi.

Kizuizi kinapokuwa mbali, Yahaya anageuka kutazama nyuma. Halafu anawatazama ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, uso umekunjamana.

"Elieza, mnadani tulikabidhiwa ng'ombe wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mbona hapa naona kumi na wawili?"

Elieza anasimama katikati ya barabara. Anacheka hadi fimbo inamdondoka, anajifuta macho kwa mkono wa shati, na ng'ombe wanasimama kumsubiri.