Mfongo wa Kichwani

Sijui kama nitaeleza sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la saba na habari yenyewe ni ya madaktari. Nitaandika niliyoyaona na niliyoambiwa, na nisipokuwa na hakika nitasema.

Tangu utoto macho yangu hayakuona mbali. Mlima wa ng'ambo kwangu ulikuwa ukungu hata jua likiwaka. Lakini kitu kikiwa karibu na pua, hakuna aliyenishinda. Nilitunga uzi kwenye sindano wakati mama bado anatafuta tundu liko upande gani. Kwa hiyo shangazi, dada yake baba, aliponiachia cherehani yake ya mkono, nilijua nimepata kazi.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya uhaba. Mitumba ilikuwa imepanda hadi kwetu Bombo, milimani, watu wakasema sasa mafundi wa nguo wamekwisha. Kwangu ikawa kinyume. Zile nguo zilishonewa viuno vya watu walioshiba, na sisi njaa ilikuwa bado haijatuacha. Nikapunguza, nikapinda, nikageuza makoti kuwa nguo za watoto. Nilishona nimeinama hadi pua inakaribia kitambaa, na jirani yetu mmoja, mwanamume mwenye mdomo, hakupita barazani bila kuuliza, "Fundi, unashona au unanusa?"

"Nanusa," nilimjibu siku moja. "Na hii suruali yako imenieleza mengi."

Baba hakucheka. Jicho moja la shangazi lilikuwa limezimika, na ukoo mzima ulikubaliana kwamba cherehani ndiyo iliyolizima. Walisema kuinama kumekausha damu kichwani. Baba alikuwa msimamizi wa mfongo wetu, ule mfereji unaotoa maji kwenye ndiva, bwawa tunalokingia maji, na kuyapeleka mashambani kwa zamu. Kila jambo alilipima kwa maji.

"Aliye juu akifungulia sana, wa chini anakauka," aliniambia. "Macho yako yanakunywa zamu ya ubongo. Hiyo cherehani naiuza."

Sikumwona mkatili. Ni yeye aliyekuwa akimshika dada yake mkono kwenye njia za mawe. Lakini mimi nilikuwa na jambo moja tu ninaloliweza, na sikuwa tayari kulipoteza kwa dhana.

Mganga wa zahanati ndiye aliyenipa njia. Alisema hospitali ya rufaa inatafuta watu wenye macho kama yangu, wapimwe kwa mashine namna damu inavyotembea kichwani. Nikamwendea baba.

"Kama damu imekauka, itaonekana. Ikionekana, uza. Isipoonekana, niache nishone."

Alikubali, kwa sharti moja. "Nakwenda na wewe. Nataka nione mwenyewe."

Tukashuka kupitia Maore na Kisiwani hadi Same, tukaunga basi jingine. Huko hospitali tulipokewa na daktari mmoja mwanamke, aliyemwamkia baba shikamoo kabla hajanitazama mimi. Akanilaza, akanipaka kitu baridi chenye utelezi kama bamia kando ya jicho, karibu na sikio, akabonyeza hapo kifaa kidogo. Kwenye kioo cha mashine zikatokea rangi nyekundu na bluu zikipwita, na sauti ikatoka, fyuu, fyuu, kama maji yanayopita kwenye tundu jembamba.

Baba aliinuka kitini.

"Hiyo nyekundu ndiyo yenye udongo?"

"Udongo, mzee?"

"Maji ya mvua za kwanza huja mekundu. Bluu ndiyo safi?"

Daktari hakucheka, au alichekea moyoni. "Zote ni damu, mzee. Nyekundu inakuja upande wa kifaa changu. Bluu inaondoka."

"Basi bluu ndiyo inayoibwa."

"Haiibwi. Inaendelea na safari yake."

Akanifumbisha macho, akapima tena juu ya kope, taratibu. Alipomaliza alituketisha. Nitajaribu kuyarudia maneno yake, ingawa huenda nimeacha kitu. Alisema damu ya kichwani mwangu inakwenda vizuri, hajaona upungufu. Nyuma ya jicho ndiko ilikokuwa kidogo. Jicho langu limerefuka kuliko kawaida, kama yai, ndiyo maana sioni mbali. Kama jicho na kichwa vina uhusiano katika jambo hilo, bado hawajajua. Wanapima watu wengi kwanza.

"Na cherehani?" niliuliza.

"Sijaona kitu cha kuniambia kwamba kushona kunakausha damu. Ninachokiogopa kwako ni kuanguka na kupigwa kichwani. Jicho refu, utando wake wa ndani ni mwembamba, unaweza kuchanika. Usibebe mizigo mizito penye utelezi. Nyumbani kuna mwingine mwenye macho hivi?"

Baba akamweleza habari za shangazi. Daktari akauliza jicho lilianzaje.

"Aliteleza kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya bwawani," baba akasema. "Alikuwa amebeba jiwe la kujengea ukingo wa ndiva, likampiga. Haikupita muda akasema anaona kama pazia linashuka."

"Huenda ndiyo sababu. Siwezi kuapa, sikumpima."

Naandika hiyo "huenda" kwa sababu baadaye kule nyumbani watu waliiondoa.

Njiani baba hakusema habari za kuuza tena. Nilikuwa nimepata cherehani yangu, lakini msaragambo wa kuzibua ndiva ulikuwa unakaribia. Kwetu kazi hiyo ni ya kila nyumba, kila mtu na kipande chake, na baba mwenyewe alikuwa ametoza faini wengi waliokwepa.

Siku ilipofika alisimama mbele ya watu. "Binti yangu hatabeba mawe. Daktari amekataza."

"Ahaa!" Yule jirani aliegemea jembe. "Mtoto wa mwenye maji hana zamu?"

Watu wakaguna. Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Nilikuwa nimekuja na mdogo wangu aliyenibebea cherehani kichwani, nikaipokea, nikaiweka juu ya jiwe bapa.

"Zamu ninayo," nilisema. "Magunia ya kubebea udongo yamechanika, nusu ya udongo mnaurudisha bwawani. Yaleteni hapa."

Walimgeukia baba. Akalitazama rundo la magunia, akanitazama mimi kama anavyomtazama mtu yeyote mwenye kipande.

"Yote yaishe kabla kazi haijaisha," alisema. "Likibaki moja, faini."

Nikavuta gunia la kwanza, nikainama.