Meno ya Plastiki

Leo watafiti wa afya ya meno ya watoto wameweka meza katika ukumbi wa kanisa letu hapa Mbalizi. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Daktari mmoja anawaeleza akina mama kwamba vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga, vile watu wanavyoviita meno ya plastiki, ni meno yake ya kawaida, hayajaota tu. Ukumbi wote unanuka spiriti.

Bibi mganga aliyemng'oa meno mdogo wangu zamani naye alikuwa na spiriti, ya kupangusia spoku ya baiskeli aliyong'olea. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, anaharisha, na homa haishuki.

"Meno ya plastiki haya, mwanangu," bibi alimwambia mama. "Yakibaki yatamuua."

Mimi nilishika kichwa cha mdogo wangu. Kilikuwa cha moto.

"Shika vizuri!" bibi alinikemea. "Unalia nini, unang'olewa wewe?"

Nikashika vizuri. Yalitoka laini, kama punje za mahindi machanga. Mama alishukuru, akaniambia na mimi nishukuru, nikasema asante.

Damu haikukatika. Tulimzika siku ya tatu. Mchungaji alipouliza mtoto alipatwa na nini, mama alijibu kwamba tulichelewa kuyang'oa.